Glasi Ndogo, Mabomba Mengi

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: bia za viwanda vidogo, zile zinazopikwa kwa matangi machache na kuonjwa kwenye tamasha au palepale kiwandani. Wengi walioandika wako Marekani na Uingereza, wachache wako nyumbani. Urefu wa kila jibu tumeupima kwa uzito wa swali. Asiyekunywa aruke ukurasa huu bila kinyongo.

Nina tiketi ya Great American Beer Festival hapa Denver. Mwaka jana nilikwenda bila mpango. Baada ya saa moja na nusu bia zote zilikuwa na ladha moja, na hadi leo sikumbuki jina la kiwanda hata kimoja. Safari hii nifanyeje?
*Msomaji, Aurora, Colorado*

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Kwenye tamasha hilo, lililoanzia Boulder mwaka 1982, kipimo ni aunsi moja, yaani mililita 30 hivi: vijiko viwili vya mezani. Tiketi imeshalipia kila kitu, hutoi pesa kwa kila glasi, kwa hiyo mkono hauna breki. Ukionja mara 40 umekunywa lita 1.2. Kama wastani wa kilevi ni asilimia 6.5, umemeza mililita 78 za kilevi kitupu, sawa na chupa tatu kubwa za nusu lita zenye asilimia 5. Hilo linabebeka. Ila foleni ndefu huwa kwenye meza za stauti nzito, yaani bia nyeusi za kimea kilichokaangwa, na bia zilizolazwa kwenye mapipa ya wiski, ambazo ni asilimia 10 hadi 14. Mara 40 za asilimia 10 ni karibu chupa tano, tena umesimama, una njaa, na mji wenyewe uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni kavu na koo hukauka upesi.

Pua na ulimi huchoka kabla ya kichwa. Mtu aliyezoea huweza kutofautisha vizuri bia 20 hadi 25 kwa kipindi kimoja. Zaidi ya hapo anakunywa tu. Jiwekee 24, uzigawe mafungu matatu ya nane nane.

Fungu la kwanza liwe la bia tulivu: laga (bia nyepesi ya kawaida ya baa), pilsner ambayo ni laga kavu yenye uchungu kidogo, kölsch ya Kijerumani, bia za ngano. La pili liwe pale ale, IPA ambayo ni pale ale chungu zaidi, bia za kahawia na pota nyeusi. La tatu ndiyo zenye uchachu, za moshi, na zile nzito za kwenye mapipa. Sababu ni kwamba uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hubaki mdomoni. Pilsner nzuri ikifuata IPA kali itaonekana maji, na utaiandikia maneno mabaya isiyostahili. Usipange kwa rangi. Schwarzbier ya Kijerumani ni nyeusi tii lakini ni laini na ina asilimia 5 hivi. Tripel ya Ubelgiji inang'aa kama asali na ina asilimia 8 au 9. Panga kwa kilevi, uchungu, uchachu na moshi, kutoka kidogo kwenda kingi.

Je, ukikuta bia adimu itakayoisha mapema na wewe bado uko fungu la kwanza? Ionje. Kisha sukutua kwa maji, tafuna kitu kisicho na chumvi nyingi, na usiguse laga kwa dakika kumi.

Kila kionjo kina kazi yake. Angalia kwanza: rangi, povu, kama inang'aa au ina ukungu. Zungusha glasi kidogo, nusa mara mbili kwa mivuto mifupi. Mvuto mmoja mrefu huchosha pua. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni sekunde tatu au nne, meza, halafu toa pumzi kwa puani ukiwa umefunga mdomo. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanayoiruka, na ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Ile picha ya zamani ya ulimi uliogawanywa, utamu mbele na uchungu nyuma, si kweli. Ulimi mzima huonja vyote. Bia ikiwa baridi mno haina harufu. Ikumbatie kwa kiganja dakika moja, ndipo unuse tena.

Si lazima uimalize. Ndoo za kumwagia ziko pale kwa kazi hiyo, na mpishi wa bia hakasiriki ukimwaga. Hukasirika ukisema "nzuri" bila kuonja. Baada ya kila bia piga funda la maji, na baada ya kila tano kunywa kikombe kizima. Suuza kikombe kwa maji na ukikung'ute, kwa sababu tone la stauti ya kahawa linatosha kuharibu mililita 30 za pilsner.

Kula mlo kamili saa moja kabla ya kuingia: wali, viazi, nyama, kitu cha kukaa tumboni. Epuka pilipili, kitunguu saumu kibichi, kahawa na jojo ya mnanaa. Manukato yaache nyumbani, nayo rangi ya midomo iwe hafifu au isiwepo, maana mafuta yake huua povu. Utawaona watu wamevaa mikufu ya pretzel shingoni. Inachekesha, lakini ina kazi: wanga wa kusafisha mdomo, na mikono inabaki huru.

Kuhusu kukumbuka: piga picha ya kibao cha bomba, kisha andika maneno mawili tu, moja la harufu na moja la kile kilichobaki mdomoni baada ya kumeza. "Karafuu, kavu." "Embe, chungu." Maneno kumi huwezi kuyaandika ukiwa na kikombe mkononi, mawili unaweza. Beba kitambulisho halisi kinachoonyesha kuwa umetimiza miaka 21, au pasipoti. Picha ya simuni usiitegemee. Na ukiangusha kikombe, ukumbi mzima utakupigia kelele. Ni mila ya pale. Inama, okota, endelea.

Kwenye baa ya kiwandani wananiletea ubao wenye glasi ndogo nne. Nianzie ipi, na kwa nini ya mwisho kila mara huwa imekufa?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Glasi hizo kwa kawaida ni aunsi 4 au 5, si aunsi moja ya tamasha, na hapo ndipo ubao unapodanganya macho. Glasi nne za aunsi 5 ni karibu mililita 590, zaidi ya painti ya Kimarekani ambayo ni 473. Tuseme umechagua ya uchachu asilimia 5, IPA 7, IPA nzito 8.5 na stauti 11. Umekunywa mililita 46 za kilevi kitupu: karibu chupa mbili kubwa, kwenye kitu kilichoonekana kama vikombe vya kahawa.

Mwombe mhudumu azipange kwa nguvu kutoka kushoto na aandike majina. Ya kwanza iwe laga au pale ale ya nyumba. Hiyo haina pa kujificha. Haina matunda, haina kahawa, haina pipa la wiski. Kiwanda kikiharibu hiyo, sisi tungelipa na kuondoka. Piga mzunguko wa kwanza haraka, funda moja kila glasi, ili uzijue zote zikiwa safi. Kisha rudi polepole. Iliyokufa ni ile uliyoiacha dakika 40 ukipiga soga: gesi imetoka, povu limeanguka, na kama ni IPA ya ukungu harufu yake ndiyo iliyotangulia kuondoka. Stauti nzito ndiyo pekee inayonufaika na kusubiri, kwa sababu inatoka bombani na nyuzi 4 au 5 wakati utamu wake huonekana inapofika 10 na kuendelea.

Usichukue IPA nne tofauti kwa kubahatisha. Ila ukitaka kujifunza hopsi, fanya hivyo kwa makusudi: kilevi kilekile, hopsi tofauti, na uulize majina yake. Ni darasa zuri kuliko kitabu.

Bia nyingine hazistahili ubao. Pale Bierstadt Lagerhaus, Denver, wana pilsner wanayoimimina kwa awamu, wakisubiri povu lishuke na kumimina tena, dakika kadhaa kwa glasi moja. Povu hilo ni sehemu ya bia yenyewe. Ukilikata kwa kuitia glasi ndogo umeonja kitu kingine.

Kuonjeshwa bure kidogo kabla ya kununua kunaruhusiwa sehemu nyingi, mara moja au mbili, kaunta ikiwa haina foleni. Bakshishi ni dola moja kwa glasi, au asilimia 18 hadi 20 ya bili. Ubao wa glasi nne ni kazi ya mabomba manne, usiuhesabu kama kinywaji kimoja.

Shikamooni wahariri. Ninahudumu baa ya hoteli, na tumeanza kuuza bia za viwanda vidogo. Wageni hurudisha glasi wakisema ina "siagi" au "mahindi". Mimi naona ni bia tu. Nitajifunzaje kuzitambua kasoro hizi?
*Msomaji, Arusha*

Marahaba. Mgeni anayerudisha bia kwa neno moja amekusaidia, maana kila kasoro ina harufu yake, na kila harufu ina mlango ilikoingilia.

Siagi, au bisi zilizotiwa siagi, ni diasetili. Chachu huitengeneza yenyewe wakati wa kuchachua, kisha huila tena ikipewa siku mbili tatu kwenye joto la nyuzi 16 hadi 20 kabla ya kupoozwa. Mpishi mwenye haraka hupooza mapema, siagi inabaki. Lakini kuna mlango wa pili, na huo ni wenu: bakteria wanaoishi kwenye mipira ya kupitishia bia isiyosafishwa hutoa diasetili hiyohiyo, mara nyingi pamoja na uchachu. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Fungua chupa au kopo la bia ileile. Likiwa safi na ya bombani ina siagi, kosa ni la mipira. Mipira isafishwe kwa dawa kila baada ya siku 14, na kichwa cha bomba kifunguliwe na kusuguliwa, kwani humo ndimo utando unapoota. Kuisuuza kwa maji tu hakutoshi.

Mahindi ya kuchemsha, au kabichi iliyopikwa sana, ni dimethili salfaidi. Inatokana na kimea cheupe cha shayiri, na huondoka na mvuke wakati wa kuchemsha dakika 60 hadi 90 sufuria ikiwa wazi. Ukifunika sufuria inadondoka humo humo, na ukipooza polepole inazaliwa upya. Kidogo chake kwenye laga nyepesi kinavumilika. Kosa hili ni la kiwandani, wewe huna la kufanya zaidi ya kurudisha kegi, lile pipa la chuma la bia ya bomba.

Tufaha la kijani, au harufu kama rangi mpya ya ukuta, ni asetaldehaidi: bia changa iliyotolewa kabla chachu haijamaliza kazi. Boksi lililolowa ni hewa iliyoingia wakati wa kufungasha, ikichochewa na joto la stoo. Bia nzito hazifiki kwenye boksi. Hugeukia zabibu kavu, na baadhi ya watu huzipenda hivyo. IPA za ukungu ndizo zinazoteseka zaidi: rangi inatoka dhahabu inaelekea kijivu, harufu ya embe inageuka asali iliyolala. Hizo zihifadhi kwenye friji tangu zinaposhushwa garini, na soma tarehe ya kufungashwa. Miezi mitatu ni mingi kwake.

Kisha kuna ile harufu ya kicheche. Wamarekani wana mnyama wao anayenuka hivyo. Sisi tunaye huyu. Mwanga wa jua hugonga viini vichungu vya hopsi, vinavunjika, vinaungana na salfa, na pua hukinasa kwa kiasi kidogo sana. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani kidogo tu, nyeupe haizuii kitu. Glasi iliyo juani inaharibika kwa dakika chache, kwa hiyo meza za nje ziwe na mwavuli, nanyi msipange chupa dirishani kwa ajili ya mapambo.

Karafuu na ndizi zikitoka kwenye bia ya ngano ya Kijerumani usizirudishe. Ndivyo inavyotakiwa, chachu yake ndiyo inayozitoa. Karafuu hiyohiyo kwenye laga ni chachu ya mwituni iliyovamia.

Sasa mazoezi. Nunua laga nyepesi chupa sita. Moja imimine kwenye glasi nyeupe, iweke juani dakika 20, ukiwa umefunika nyingine kivulini. Nyingine iweke karibu na jiko wiki tatu, uilinganishe na ya friji. Kwenye mililita 300 tia nusu kijiko cha chai cha siki nyeupe. Kwenye mililita 300 nyingine kijiko kimoja cha maji ya mahindi ya kopo. Kwa kila zoezi mwenzako akumiminie glasi tatu, mbili zikiwa sawa na moja tofauti, bila kukuambia. Ukiitoa iliyo tofauti mara moja, huenda ni bahati. Mara nne kati ya tano, umeijua. Na usihangaike na majina ya kikemia mbele ya wageni. "Siagi", "mahindi", "boksi" yanatosha, na ndiyo maneno wanayotumia wapishi wenyewe.

Nimehamia London. Nilikwenda tamasha la bia nikapewa bia ya moto isiyo na gesi, na wenyeji wanaisifu. Ni mimi au ni wao?
*Msomaji, Walthamstow*

Nyumbani muuzaji hukuuliza "baridi au ya moto?", na ya moto ni ile iliyotoka kwenye kreti. Uliyopewa si hiyo. Bia ya pipa ya Kiingereza inatakiwa itoke stoo ya chini ikiwa na nyuzi 11 hadi 13, baridi ya maji ya mtungi. Ikiwa na 18, rudisha bila aibu.

Gesi yake ni kidogo kwa sababu haikusukumwa na mtungi wa gesi. Bia huingizwa kwenye pipa chachu ikiwa hai, inamalizia kuchachuka humohumo, na inavutwa kwa mkono. Ina karibu nusu ya gesi iliyomo kwenye bia ya kegi. Chama cha wanywaji kinachoitwa CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 kuitetea, wakati viwanda vikubwa vilikuwa vinaizika, na ndicho kilichoanzisha Great British Beer Festival. Ladha yake ni ya kimea: mkate, biskuti, matunda kidogo. Ukiitafutia mng'ato wa gesi hutaipata.

Pipa likishafunguliwa hewa inaingia, na bia ina siku tatu hivi za uzuri wake. Anayejua mnazi wa asubuhi na mnazi wa jioni haelezwi zaidi. Kwa hiyo pabu yenye mapipa matatu yanayokwisha haraka ni bora kuliko yenye kumi yanayosuasua. Ukungu peke yake si kosa, ila ukungu wenye siki ni kosa. Nyingi husafishwa kwa gundi ya kibofu cha samaki, kile ambacho wavuvi wa Mwanza wanakiita bondo. Asiyekula samaki atafute zilizoandikwa kuwa hazikusafishwa.

Kuhusu kipimo: Uingereza bia ya bomba huuzwa kwa painti, nusu, theluthi mbili au theluthi. Omba theluthi, mililita 189. Sita za asilimia 4 zinafika yuniti nne na nusu (yuniti moja ni mililita 10 za kilevi kitupu), wakati mwongozo wa afya wa huko unataka mtu asizidishe 14 kwa wiki. Tofauti na Denver, hapa unalipia kila kipimo, na kwa kawaida glasi ina rehani yake unayorudishiwa ukiirejesha. Theluthi ndiyo yenye maana kwenye tamasha. Painti ni kwa siku unayoijua bia yako.

Mume wangu alileta bia ya Ubelgiji chachu kama ukwaju. Nikamwambia imeharibika, akasema ndivyo ilivyo. Sisi Wachaga mbege ikichacha hivyo tunamwaga. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Moshi*

Nyote, kwa sababu mnazungumzia uchachu wa aina mbili. Mbege ya ndizi na kimea cha ulezi, iliyotiwa uchungu wa magome ya msesewe, nayo ina bakteria wa maziwa ndani yake, walewale wanaogandisha mtindi. Uchachu wao ni safi, unakuja na kuondoka. Inayomwagwa ni ile iliyofikiwa na bakteria wa siki, ambao wanahitaji hewa na huunguza pua kabla hujaonja.

Bia chachu za Ulaya ziko za njia fupi na ndefu. Kwa njia fupi, kama wanavyofanya wengi wanaopika Berliner Weisse siku hizi, maji matamu ya kimea hutiwa bakteria wa maziwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 45 kwa siku moja au mbili, kisha huchemshwa kuwaua, ndipo chachu inapotiwa. Inatoka nyepesi, asilimia 3 hivi, kama ndimu. Njia ndefu ni lambic ya Brussels na bonde la mto Senne: maji ya kimea hupoozwa usiku kucha kwenye sinia pana la chuma, hewa inaingiza vijidudu vyake, kisha inakaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Gueuze ni mchanganyiko wa za umri tofauti. Hiyo ina ukwaju, nyasi kavu, hata zizi la farasi, na kidogo cha siki kinaruhusiwa.

Kipimo chako kiwe hiki: nusa kwanza. Ikikuchoma pua kama achari, ni siki imezidi. Ikikujaza mate bila kukuchoma, na baada ya kumeza mdomo ukabaki msafi, iko sawa. Ikiwa inavutika kama mlenda, bado inaumwa. Mapipani hali hiyo hutokea na hupita, lakini haikupaswa kufika kwenye glasi.

Kwenye kuonja, ziweke mwishoni na zisizidi tatu mfululizo. Asidi hutia ulimi ganzi, na mwenye vidonda vya tumbo aziache kabisa. Halafu usiazime maneno ya Wazungu ya matunda usiyowahi kuyala. Ukwaju, ubuyu, ndimu, mtindi, maganda ya ndizi: una kamusi nzuri kuliko waliyo nayo wengi pale Brussels.

Nikila vizuri, nikae saa moja baada ya tamasha, nikanywa kahawa, naweza kuendesha?
*Msomaji, Denver*

Hapana. Mwili huondoa karibu asilimia 0.015 ya kilevi kwenye damu kwa saa, na kahawa haiharakishi lolote. Mwenye 0.08 anahitaji saa zaidi ya tano kufika sifuri. Colorado kosa huanza 0.05, si 0.08 kama wengi wanavyodhani. Kati ya hizo mbili unashtakiwa kwa kuendesha ukiwa umepungukiwa uwezo. Uingereza kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, Scotland ni 50. Treni za RTD, shirika la usafiri wa umma la Denver, hufika katikati ya jiji. Nunua tiketi ya kurudi kabla ya kuingia, ukiwa bado na akili ya kusoma ratiba.

Vipovu vinavyong'ang'ania ukutani mwa glasi ni dalili ya bia yenye gesi nzuri?
*Msomaji, Nairobi*

Ni dalili ya glasi chafu. Vinashika pale penye mafuta, sabuni iliyobaki au nyuzi za kitambaa. Ilowanishe glasi safi na maji: yanatandaa sawasawa, kwenye chafu yanakatika matone. Dawa ni kuosha kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, brashi yake peke yake isiyogusa sahani za chipsi, suuza kwa maji mengi ya baridi, kisha iinamishe kwenye waya ikauke kwa hewa. Usiifute kwa kitambaa, na usiigandishe: barafu ya ukutani inazimua bia na kulirusha povu lote kwa mkupuo. Mhudumu akikuletea yenye vipovu vya ukutani, omba glasi nyingine kabla ya kuonja, la sivyo utailaumu bia kwa kosa la karai la vyombo.